Beryl Hakupunga Mkono

Tunamkuta Beryl Tranter na kikombe cha chai hewani, kati ya kisahani na mdomo, na watu watano wakimtazama kama mtu aliyekanyaga uchafu wa mbwa kisha akaingia nao hadi kwenye zulia. Swali la Clive Pocock, jirani aliyewaalika sebuleni kwake, lilikuwa bado linaning'inia juu ya keki ya limau.

"Beryl, mpenzi, tunauliza tu," Clive akarudia, akitabasamu kwa meno ya juu peke yake. "Ulituona, au hukutuona?"

Kaa vizuri, msomaji. Hilo swali lina mitego miwili, mmoja kila upande.

Ashlawn Close hakuna anayetembea. Mkate uko maili tatu, daktari maili tano. Mabasi yalifutwa mwaka juzi, na lile moja lililobaki hupita Jumanne asubuhi na kurudi Alhamisi, sijui huwa linalala kwa nani. Mtu hutoka mlangoni akaingia garini, hutoka garini akaingia mlangoni. Kwa hiyo salamu yote ya mtaa, heshima yote, ujirani wote umo kwenye vidole vinne vinavyoinuka juu ya usukani pale mwenzako anapojibana kwenye ua wa michongoma ili akupishe. Ukiinua vidole, wewe ni mtu. Usipoinua, afadhali ungemtukania mama yake. Hilo angelisamehe ifikapo Krismasi.

Na Beryl, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa amepishwa na majirani mara nne ndani ya mwezi mmoja. Hakuinua hata kidole gumba.

Akijibu "Sikuwaona," watamsamehe papo hapo. Watamkatia kipande kingine cha keki. Halafu Clive atatia saini barua iliyolala pale mezani kando ya sukari, barua ya kwenda ofisi ya leseni, isemayo kwamba jirani yetu mpendwa haoni tena. Wiki mbili nyingi, gari litakuwa pambo la mbele ya nyumba. Na mumewe Desmond yuko Larkmead, nyumba ya kutunzia wazee, maili tisa kutoka hapo. Kila siku saa kumi alasiri anasubiri kulishwa na mkono anaoujua. Wauguzi wakimlisha, anatema.

Akijibu "Niliwaona," basi aliwadharau makusudi.

Ukweli je? Ukweli ni kwamba tangu Januari kila kitu alichokitazama Beryl kilikuwa na doa la kijivu katikati. Pembeni anaona. Katikati, ukungu. Hapo alipokaa, Clive alikuwa masikio mawili na sweta. Uso hakuna. Daktari alimwambia aiarifu ofisi ya leseni mwenyewe, Beryl akamjibu, "Bila shaka, daktari," akarudi nyumbani akiendesha.

Mwingine aliyejua ni Norma Sugden peke yake, mjane wa namba tatu, ambaye hajawahi kushika usukani tangu azaliwe. Norma ndiye anayekaa kiti cha mbele na kunong'ona: kushoto, tuta, ngoja, pita. Sasa alikuwa kwenye kochi kando ya Beryl, akitafuna keki kana kwamba mambo hayo yanatokea nchi nyingine.

Beryl akateremsha kikombe. Kikagonga kisahani.

"Niliwaona," akasema. "Wote."

Hazel wa namba sita akashika kifua. "Wote? Hata mimi?"

"Wewe pale kwenye kona, na hilo gari lako kama friji."

"Na hukunipungia?"

"Sikutaka."

Ee bwana wee! Mtu angevunja dirisha pale sebuleni wangeulizana kama ameumia mkono. Lakini "sikutaka" ni neno ambalo halikuwahi kutamkwa Ashlawn Close tangu nyumba ya kwanza ipauliwe. Pale mtu huwa anapenda sana kuja ila kwa bahati mbaya ana mafua.

"Lakini kwa nini, Beryl?" akauliza Trevor, mume wa Hazel, kwa sauti ya mtu anayezungumza na farasi mkali.

Hapo Beryl alikuwa tayari kubuni sababu. Akafungua mdomo kutafuta uongo, akakuta hauhitajiki.

"Kwa sababu bakuli langu la kuokea liko kwenu tangu harusi ya binti yenu. Harusi imefungwa, ndoa imevunjika, mkwe ameshaoa kwingine, bakuli bado liko kwenu."

"Beryl!"

"Na wewe Trevor unakata nyasi Jumapili saa mbili asubuhi, halafu unaniuliza kutoka ng'ambo ya ua kama nimelala vizuri. Sikulala vizuri. Sijalala vizuri tangu ununue hiyo mashine."

"Jamani, nadhani tunatoka nje ya mada," Clive akaingilia.

"Mada ni wewe! Unapanga koni za barabarani mbele ya nyumba yako, kwenye barabara ya serikali, utadhani baba yako ndiye aliyemwaga ile lami. Dada yangu aliegesha pale nusu saa tu. Mwanamke ana mguu wa bandia. Akakuta karatasi kwenye kioo: 'Ndugu mgeni, kwa heshima, wafikirie wengine.'"

"Karatasi ile haikuwa na jina."

"Haikuwa na jina, lakini ilikuwa imetiwa plastiki isilowe. Nani mwingine mtaa huu ana mashine ya kutia karatasi plastiki?"

Trevor akacheka. Akakiona alichofanya, akakigeuza kikohozi.

Beryl alijisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Miaka ishirini na sita ya "samahani" na "wala usijali" na "ni kosa langu" ilikuwa inamtoka yote kwa mkupuo, na angeendelea hadi jioni kama Clive asingeinua kidole.

Sasa Clive, kabla ya kustaafu, alikuwa mtu wa bima. Kazi yake miaka thelathini ilikuwa kwenda kwa watu waliounguliwa na nyumba na kuwauliza maswali kwa upole mpaka walie.

"Vizuri sana," akasema. "Jumanne ya tarehe kumi na mbili, saa nane mchana, njia ya Crabtree. Nilijibana kwenye michongoma mpaka kioo cha pembeni kikachubuka. Ukapita kama malkia. Kama uliniona, Beryl, nilikuwa nafanya nini?"

Beryl alitafuta kichwani. Kijani. Kijivu. Sauti ya Norma: kuna gari limekaa pembeni, pita, pita. Basi.

"Ulikuwa..." akaanza.

"Alikuwa anacheka," Norma akasema, keki mdomoni.

Vichwa vyote vikageuka.

"Norma, hukuulizwa," Clive akasema.

"Nilikuwemo. Kiti cha mbele. Ulikuwa unacheka mpaka unafuta machozi. Na yule mama aliyekaa kando yako naye anacheka, kakuwekea mkono hapa." Norma akajigusa shingo.

Rosalind, mke wa Clive, alikuwa anammiminia Trevor chai. Hakuacha kumimina. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kuteremkia suruali ya Trevor. Trevor, mtu wa adabu zake, akasema, "Asante, inatosha."

"Jumanne," Rosalind akasema taratibu, "huwa niko kwa mama."

"Ndiyo maana sikushangaa kuona siyo wewe," Norma akamjibu.

"Huyu ana miaka themanini!" Clive akapaza sauti.

"Sabini na nane."

"Anachanganya watu! Wiki iliyopita aliniita Desmond!"

"Nilikuwa nakutania. Desmond ana nywele."

Clive akashika shavu lake kana kwamba limepigwa. Mara macho yake yakatua kwenye ile barua kando ya sukari, na watu wote wakamwona anapiga hesabu. Akaichukua. Akaikunja mara mbili, kisha mara nne, akaitia mfuko wa sweta.

"Norma hakuwa anaendesha," akasema, na sauti yake ilikuwa imepata asali. "Aliyekuwa anaendesha ni Beryl. Na Beryl macho yake mazima, ametuambia mwenyewe. Sioni sababu ya kuwasumbua watu wa leseni. Au siyo, Beryl? Waambie tu, mpenzi. Nilikuwa peke yangu."

Patamu hapo! Mtu aliyeamka asubuhi akitaka Beryl awe kipofu, kabla ya saa kumi anamwomba awe na macho ya mwewe. Na bei aliyotaja ilikuwa rahisi: neno moja tu, "ndiyo." Barua inakufa mfukoni, gari linabaki gari, Desmond anakula.

Beryl akageuza uso kidogo upande, kama alivyojifunza siku hizi, amdake Rosalind kwa pembe ya jicho. Aliona gauni la bluu na birika. Birika halikutetemeka hata kidogo.

"Ulikuwa pe..." Beryl akaanza.

"Asijibu," Rosalind akasema.

Akaweka birika mezani. Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Humu ndani watu ni wengi. Beryl, gari lako liko nje? Nipeleke Crabtree. Unionyeshe mahali penyewe, unijibu pale pale, mimi na wewe."

"Nawasindikiza," Norma akasema, akisimama, makombo yakimwagika.

"Kaa, Norma. Maliza keki."

"Mimi huwa nakaa mbele."

"Leo nakaa mimi."

Norma akamshika Beryl mkono, akaubana. "Kataa," akanong'ona. "Sema kichwa kinauma. Sema lolote."

Lakini angekataaje? Dakika tatu nyuma ameapa mbele ya watu kwamba anaona kila kitu. Tena saa ilikuwa tisa na nusu, na njia ya Crabtree ndiyo njia ya Larkmead. Beryl akachukua funguo.

Alitoka Ashlawn Close kwa kumbukumbu. Kushoto. Hesabu hadi kumi na mbili. Tuta. Kulia kwenye ukuta mweupe, ambao kwa pembe ya jicho uling'aa vya kutosha. Nyumba zilipita kando, zote zimefunga milango, zote na gari mbele kama mbwa aliyefungwa. Hapakuwa na mtu hata mmoja njiani. Huku ukimwona mtu anakwenda kwa miguu, unajua gari lake limeharibika au akili. Watu hupunguza mwendo wamwangalie vizuri, halafu wanaongeza.

Rosalind alikaa mkoba mapajani, kama yuko kwa daktari wa meno.

"Norma alisema kweli?"

"Norma hana tabia ya uongo."

"Sikuuliza tabia ya Norma. Huyo mwanamke nywele zake zilikuwaje?"

"Za kawaida."

"Kawaida ya wapi?"

"Kawaida tu, Rosalind. Nilikuwa naendesha, sikuwa saluni."

"Alivaa miwani?"

"Sikumbuki."

Wakaingia Crabtree. Njia ikawa nyembamba, michongoma ikawa inakwaruza kioo cha upande wa Rosalind. Kando ya lami hapakuwa na hata pa kuweka kiatu. Beryl akashika usukani kwa mikono miwili na kuufuata ule ukijani wa kushoto kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Taa nyekundu!" Rosalind akasema ghafla. "Mafundi wa maji."

Beryl akakanyaga breki. Mikanda ikawabana wote wawili. Gari likasimama.

Wakangoja. Sekunde kumi. Ishirini. Nyuma yao gari jingine likasimama, likapiga honi moja fupi, ya kuomba radhi. Baadaye kidogo likapiga ya pili, isiyoomba kitu.

"Huyo nyuma ana haraka gani," Beryl akanung'unika, "na taa bado nyekundu?"

Rosalind akashusha pumzi ndefu.

"Hakuna taa, Beryl."

"Nini?"

"Hakuna taa. Hakuna mafundi. Barabara nyeupe mpaka kule kilimani."

Gari la nyuma likapenya upande wa kulia kwa shida, likawapita, likaenda zake.

"Kwa hiyo hukumwona," Rosalind akasema.

"Sikumwona."

"Wala Clive."

"Wala Clive. Wala Hazel. Wala wewe, Rosalind, na tumekaa karibu hivi. Wewe ni ukungu wenye hereni."

Kama ulidhani, msomaji wangu, kwamba hapo wanawake wawili wazima watashikana mikono walie pamoja, basi hujawahi kuishi mtaa kama ule. Rosalind alifungua mkoba, akatoa miwani ya jua, akaivaa.

"Nilitaka shahidi," akasema. "Nimepewa kipofu anayeendesha gari. Zima. Nipe funguo. Ile barua nitaiandika mimi mwenyewe, na yangu itakuwa fupi kuliko ya Clive."

"Desmond anakula saa kumi."

"Wauguzi wapo."

"Anawatemea."

"Basi atajifunza kumeza. Wote tunajifunza."

Beryl aliwaza Larkmead, kile chumba chenye harufu ya sabuni na kabichi. Desmond shingo ameigeuzia mlango, kidevu kina uji, na muuguzi mpya anamwambia kwa sauti ya kitoto, "Fungua mdomo, mzee wetu." Aliwaza dirisha lake mwenyewe, Jumanne, lile basi linapita. Akawaza Alhamisi.

Akatia gia ya kwanza.

"Unafanya nini?" Rosalind akauliza.

"Larkmead ni maili nne kutoka hapa. Ukitaka kushuka, shuka."

Rosalind akasukuma mlango. Ukafunguka upana wa kiganja, ukagota kwenye michongoma. Akausukuma tena kwa bega. Gari likaanza kutembea, naye akauvuta mlango haraka.

"Beryl, simamisha gari!"

"Kiti hicho kina kazi yake, jirani. Miezi minne Norma anakalia hapo na kuniambia kilichopo mbele. Leo umejiteua mwenyewe. Fanya kazi."

"Una wazimu!"

"Wazimu siusikii. Nasikia kushoto, kulia, ngoja na pita."

Gia ya pili. Ua ukaanza kukimbia. Rosalind, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti hata kuita paka, alijishikilia kwa mikono miwili. Miwani ya jua ikamtoka, ikaanguka miguuni.

"Kushoto!" akapiga kelele. "Kushoto kidogo! Kidogo, Beryl, utatutia mtaroni!"

"Ahsante. Unaona? Siyo kazi ngumu."

"Kuna kona. Kulia. Sasa! Nyoosha. Punguza, kuna... Mungu wangu, kuna kanga."

"Wangapi?"

"Wameshatoka."

Gia ya tatu. Na simu ya Rosalind ikalia. Aliibonyeza, na sauti ya Clive ikajaa gari zima, ikihema, na mngurumo wa injini nyuma yake.

"Rosalind! Mwambie asimame! Norma amesema yote, huyo mama haoni kitu! Nimezunguka kwa kanisa, nawajia kwa mbele, niko naye Norma hapa garini. Rosalind, unanisikia? Simameni hapo hapo!"

Kando ya sauti hiyo ilisikika ya Norma, nyembamba, ikilia: "Beryl, nisamehe, ilibidi nimwambie!"

Rosalind alikuwa ameinua uso anatazama mbele, ambako gari la Clive lilikuwa limeshachomoza. Kisha kwa utulivu wote akaikata simu, akairudisha kwenye mkoba, akaufunga mkoba.

"Wako wapi?" Beryl akauliza. "Nimpishe upande gani?"

Rosalind akainama, akaokota miwani yake ya jua, akaivaa.

"Rosalind. Upande gani?"

Rosalind akajinyoosha kitini, akaweka mikono mapajani. Mbele yao honi ikalia, ndefu, isiyo na adabu hata kidogo, na ikawa inakua.

"Hiyo honi ya nani?"

"Ya mtu wa nyuma," Rosalind akasema, kwa sauti ile ile ya kumimina chai. "Nyoosha tu, mpenzi. Barabara nzima ni yako."